Ada ya Januari, Gulio la Alhamisi: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Moja katika Shule ya Msingi ya Kikatoliki, Nyanda za Juu Kusini

Kisa hiki kinahusu mama mmoja, watoto wake wawili waliokuwa wakisoma shule ya msingi ya Kikatoliki, na deni la ada lililofika Sh 630,000 kabla ya mtu yeyote shuleni kuuliza swali la maana. Majina, kijiji, parokia na mwaka vimeondolewa. Tarakimu za fedha zimesogezwa kidogo, lakini uwiano wake ni uleule, maana bila hesabu kisa chenyewe hakieleweki. Walengwa ni walimu wakuu, wahasibu wa shule, walimu wa malezi na kamati za mifuko ya msaada za parokia.

## Mazingira

Shule ni ya kutwa, mali ya jimbo la Kanisa Katoliki, inaendeshwa na masista. Iko kwenye miinuko ya mkoa wa Mbeya, kwenye ukanda wa viazi mviringo, mahindi na maharage. Ina wanafunzi 310 kuanzia awali hadi darasa la saba, na lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Ada ni Sh 840,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, ndani yake kukiwa na uji wa saa nne na chakula cha saa saba. Hulipwa kwa awamu nne za Sh 210,000: Januari, Aprili, Julai na Oktoba.

Shule za msingi za serikali hazitozi ada, kwa hiyo mzazi anayempeleka mtoto shule kama hii anajua anakwenda kulipa. Ukweli huo uliwaponza wengi shuleni: deni wakaliona ni suala la nidhamu ya mzazi tu. Aliyeshindwa, walisema, ahame.

Kuna kalenda nyingine ambayo mhasibu hakuwa nayo ukutani. Ukanda huu una msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Januari mkulima anakuzia mahindi kwa mbolea, anapiga viazi dawa ya ukungu kila siku 7 hadi 10, na ghala la chakula limeanza kuonyesha sakafu. Viazi vya mvua za mwanzo hutoka Februari hadi Machi. Maharage, viazi vya awamu ya pili na mahindi huja kati ya mwishoni mwa Mei na Agosti. Oktoba anaandaa shamba na kununua mbegu upya. Kwa maneno mengine, awamu mbili kati ya nne za shule hii zinaangukia miezi ambayo fedha ya mkulima iko ardhini.

Familia yenyewe: mama wa miaka thelathini na kitu, binti wa darasa la nne, mdogo wake wa kiume wa darasa la pili, na mtoto wa miaka miwili. Baba alikuwa machimboni Chunya, huu ukiwa mwezi wake wa saba huko, akituma fedha kwa simu mara moja moja. Bibi mzaa baba anaishi kitongoji cha jirani. Nyumba iko mwendo wa dakika 50 kwa miguu kutoka shuleni. Na jambo ambalo fomu za shule hazikulipa uzito: familia ni ya Kimoravian. Hilo si ajabu huku. Wamoravian wako nyanda hizi tangu walipofika Rungwe mwaka 1891, na watoto wao wamo pia katika shule za Kikatoliki.

## Kilichotokea

### Januari hadi Machi

Shule ilipofunguliwa mama alidaiwa Sh 420,000 kwa watoto wawili. Aliuza nguruwe mmoja, akalipa Sh 150,000, akaahidi salio baada ya viazi. Mhasibu aliandika salio, ahadi hakuiandika.

Kuanzia mwishoni mwa Januari binti alianza kukosa. Mwalimu wa darasa aliona utoro, akamwonya mara mbili, mara ya tatu akamwagiza aje na mzazi. Mama hakuja, kwa kuwa binti hakufikisha ujumbe.

Februari ukungu uliingia shambani: yale madoa meusi yenye majimaji kwenye majani ambayo, mvua na ubaridi vikikutana, huangusha shamba zima ndani ya wiki moja au mbili. Mama alikuwa ameruka zamu mbili za dawa kwa kukosa fedha. Mwaka uliotangulia shamba hilo lilitoa magunia yapatayo 30. Mwaka huu yalitoka 14. Yaliuzwa shambani kwa Sh 40,000 kila moja, yaani Sh 560,000, na Sh 390,000 kati ya hizo zikaenda moja kwa moja kwa mwenye duka la pembejeo aliyekopesha mbolea na mbegu. Zikabaki Sh 170,000 za chumvi, sabuni, kusaga, mbegu ya awamu ya pili na ada.

Wiki ya pili ya Machi mhasibu alisoma majina ya wadaiwa mstarini, mbele ya shule nzima, na orodha hiyohiyo ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Watoto wote wawili walirudishwa nyumbani. Walikaa siku 9 za masomo. Kwenye daftari la mahudhurio siku hizo 9 ziliandikwa utoro. Shule imemtoa mtoto getini kwa mkono wake, kisha ikamwandika mtoro! Daftari hilo baadaye lilitumika kama ushahidi kwamba binti "ana tatizo la mahudhurio".

### Tangazo la Kwaresima

Mwalimu mmoja aliwahurumia akampelekea paroko habari. Nia ilikuwa njema kabisa. Jumapili iliyofuata, ikiwa Kwaresima, paroko alitangaza kwenye Misa kwamba kuna mama jirani, mume yuko machimboni, viazi vimeungua, watoto wawili wamerudishwa nyumbani. Jina hakulitaja. Hakukuwa na haja: kijijini sifa tatu zinatosha. Zilikusanywa Sh 186,000.

Jumatatu watoto waliruhusiwa kurudi. Kufikia mapumziko ya uji, darasa la nne lilikuwa limeshampa binti jina: mtoto wa kapu, yaani kapu la sadaka. Alikunywa uji siku hiyo. Kesho yake alikaa darasani wenzake walipokwenda kupanga foleni, na kesho kutwa hakuja kabisa. Mama, ambaye kanisani hapo hasali, alizipata habari gulioni kutoka kwa mteja. Akatuma ujumbe kwamba yeye hakuomba, na kwamba fedha hizo hazichukui. Binti alikaa nyumbani siku 6 nyingine. Sh 186,000 zikabaki kwenye bahasha ofisini kwa paroko.

Aprili mama alilipa Sh 60,000. Mwanzoni mwa Mei hesabu ilikuwa hivi: zilizotakiwa Sh 840,000, zilizolipwa Sh 210,000, deni Sh 630,000.

### Daftari linasomwa upya

Mambo yaligeukia mahali pasipotarajiwa. Mwalimu wa malezi, akijiandaa kuandika barua ya mwisho kwa mzazi, aliomba daftari la mahudhurio la darasa la nne. Badala ya kuhesabu jumla ya utoro kama ilivyozoeleka, aliweka rula wima kwenye safu ya Alhamisi na kushuka nayo tangu Januari. Utoro, utoro, yupo, utoro, utoro. Ukiondoa siku ambazo shule yenyewe ilimrudisha na zile za baada ya tangazo, karibu kila siku aliyokosa ilikuwa Alhamisi. Zilikuwa 11.

Alhamisi ni siku ya gulio la kata. Mama anaondoka saa kumi alfajiri na mzigo, anarudi jioni. Nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili. Barua ya mwisho haikuandikwa.

### Ziara ya nyumbani

Walimu wawili wanawake walikwenda Jumapili alasiri, kwa miguu, bila gari la shule na bila barua. Walibeba kilo ya sukari na kipande cha sabuni, kama mgeni yeyote anavyobisha hodi kwa mwenzake, si kama msaada. Walikubaliana njiani kwamba neno deni halitatoka kinywani mwao kwanza. Nusu saa nzima yalizungumzwa mashamba, baridi na afya ya bibi. Mama ndiye aliyeanza: aliuliza kama binti ameshafutwa shule.

Yaliyojulikana siku hiyo, ambayo faili la shule halikuwa nayo: utaratibu wa Alhamisi, kwamba baba alituma Sh 100,000 mara moja tu tangu Januari, kwamba sweta la mtoto wa kiume lilipotea na ndiyo maana asubuhi za baridi alikuwa akichelewa makusudi hadi jua litoke, na kwamba mama alijua kuhusu mfuko wa msaada wa shule tangu mwaka juzi. Hakuomba kwa sababu fomu ina nafasi mbili chini: sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya (kikundi cha waumini Wakatoliki wanaoishi jirani), na mhuri wa parokia. Yeye hana jumuiya. Alielewa, na ni vigumu kumlaumu, kwamba mfuko ni wa Wakatoliki.

## Maamuzi na sababu zake

Kikao kilifanyika katikati ya Mei: mwalimu mkuu (sista), mhasibu, mwalimu wa malezi, katibu wa kamati ya parokia, na mama mwenyewe. Mhasibu alipinga mzazi mdaiwa kuwemo. Sista alishikilia kwamba mpango wa kulipa usiotoka kinywani mwa mlipaji ni karatasi tu.

Binti abaki, mdogo wake ahame. Uamuzi huu ni wa mama, na ndio ulioumiza zaidi. Binti alikuwa mwaka wa upimaji wa kitaifa wa darasa la nne na usajili ulikuwa umeshafanyika. Kumhamisha katikati kungeweza kumwacha jina liko shule moja na yeye yuko nyingine, tena akabadilishe lugha ya mtihani. Mdogo wake wa darasa la pili hakuwa na kizuizi hicho, na shule ya serikali iko mwendo wa robo saa kutoka nyumbani. Angehamia huko Julai. Mhasibu alitaka uhamisho uzuiwe hadi deni liishe, kama shule nyingi zinavyofanya kimyakimya. Sista alikataa: deni ni la mzazi, kumbukumbu za masomo ni za mtoto.

Deni lihesabiwe upya, lisisamehewe kiholela. Shule ya jimbo haifuti ada kwa huruma ya mtu mmoja, kwa kuwa bajeti imepita kwenye bodi. Hesabu ilikaa hivi: binti mwaka mzima Sh 840,000, mdogo wake hadi Juni Sh 420,000, jumla Sh 1,260,000. Mfuko ukabeba asilimia 40 ya ada ya binti, Sh 336,000, ziingizwe kwenye leja bila kupita mkononi mwa mtu. Ukitoa na Sh 210,000 zilizokwishalipwa, mama alibaki na Sh 714,000.

Sehemu kubwa ilipwe kwa mazao, kwa mizani. Wazo lilitoka kwa mama. Jiko la shule hununua viazi kwa mfanyabiashara wa mjini kwa Sh 500 kwa kilo, na mama anauza shambani kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi. Kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini dalali anashonea kofia juu hadi gunia linafika kilo 130 au zaidi na bei inabaki ya gunia moja. Walikubaliana kilo 600 za viazi kwa bei ya jikoni (Sh 300,000) na kilo 100 za maharage kwa Sh 2,000 (Sh 200,000). Salio la Sh 214,000 lilipwe taslimu: 100,000 mwisho wa Agosti, 114,000 mwisho wa Oktoba.

Fomu ibadilishwe. Sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya ikawa "au mwenyekiti wa kitongoji", na mhuri wa parokia ukaondolewa. Mjumbe mmoja wa bodi alihoji kama sadaka za waumini ziende nje ya kundi. Sista alimsomea tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu malezi ya Kikristo, la Oktoba 1965. Linazitaka shule za Kikatoliki ziwajali hasa maskini, waliokosa msaada wa familia, na hata wasio na imani. Sasa Mmoravian anayesali kila Jumapili atakosaje? Hoja ilipita.

Alhamisi ipate mtu. Bibi atamchukua mtoto wa miaka miwili Jumatano jioni na kumrudisha Alhamisi jioni.

Majina yafungwe. Mstarini hakuna kusoma wadaiwa tena, na kundi la WhatsApp ni la matangazo ya shule tu. Mzazi atapata ujumbe wake mwenyewe kwa simu yake. Wanaojua nani anasaidiwa na mfuko ni watatu: mwalimu mkuu, mhasibu, mwalimu wa malezi. Zile Sh 186,000 paroko alikubali ziingie mfuko wa jumla, na tangazo lililofuata likasema tu kwamba sadaka ya Kwaresima imepelekwa kusaidia ada za watoto.

Kuhusu baba, mama alielezwa kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mzazi wajibu wa matunzo, na kwamba afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kumsaidia kudai. Alisema bado. Hilo liliheshimiwa, kwa bahati mbaya si kikamilifu, kama tutakavyoona.

## Utekelezaji ulivyokwenda

Juni bibi aliugua kwa wiki tatu na Alhamisi tatu zikapotea. Hakuna aliyekuwa amefikiria mtu wa akiba. Suluhisho lilipatikana kwenye kikundi cha mama cha VICOBA, cha kuweka na kukopa: mwenzake ambaye haendi gulioni alikubali kubaki na mtoto, naye mama akambebea mazao yake kuuza. Mpango huo uliendelea hata bibi alipopona.

Mwezi huohuo, bila kumwambia mama, simu ilipigwa kwa baba kutoka ofisi ya shule. Mazungumzo yalianza na kiasi cha deni na kuishia na somo la malezi. Baba alizima simu kwa wiki sita, si kwa shule tu bali hata kwa mkewe. Ndilo kosa lililoigharimu familia zaidi kuliko ukungu, na lilitendwa na watu waliokuwa wanasaidia. Agosti kaka mkubwa wa baba aliitwa na mama mwenyewe, mambo yakazungumzwa kiukoo, na Septemba baba alituma Sh 120,000 moja kwa moja kwenye akaunti ya shule.

Viazi vilianza kuletwa Julai, kila Jumamosi kilo 150 kwa kirikuu (gari dogo la mizigo) ya jirani, Sh 8,000 kwa safari. Safari ya kwanza ilizua mgogoro. Mpishi alimwaga gunia la katikati na kukuta viazi vyenye mashavu ya kijani, vilivyolala wazi juani baada ya kuchimbwa. Viazi hivyo ni vichungu na vina sumu, kuchemsha hakuiondoi. Vilitolewa kilo 22, za kijani na zilizooza. Mama alihisi anadhulumiwa kama kwa dalali, na mpishi alihisi anatupiwa takataka. Kilichotuliza ni mizani kuwekwa nje, uchambuzi kufanyika mbele ya mama, na viazi vilivyokataliwa kurudi naye badala ya kubaki jikoni. Safari tatu zilizofuata alifunika viazi kwa majani makavu mara baada ya kuchimba, na kilo zote 450 zilipita.

Maharage yalikuja kilo 70 tu. Alibakiza mengine ya kula na mbegu, na alisema wazi kabla ya siku ya mwisho.

Uhamisho wa mdogo ulichukua wiki tatu zaidi ya ilivyodhaniwa. Barua ya mzazi na fomu zilikamilika, lakini kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani, jina lilikuwa limetumwa na halijapokelewa upande wa pili. Mwalimu wa malezi alilazimika kwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu mwenzake. Mfuko ulimnunulia sare mpya na sweta.

## Matokeo hadi Desemba

Malipo: viazi kilo 578, Sh 289,000. Maharage Sh 140,000. Taslimu ya mama Sh 100,000, iliyokuja Septemba badala ya Agosti. Ya baba Sh 120,000. Jumla Sh 649,000 kati ya 714,000. Deni lililobaki ni Sh 65,000.

Mahudhurio ya binti: Januari hadi katikati ya Mei alikosa siku 26. Julai hadi Novemba, siku 5. Alifanya upimaji wake Oktoba na akavuka kwenda darasa la tano kwa alama za wastani. Jina la mtoto wa kapu halikufa siku moja; mwalimu wa darasa aliendelea kulisikia hadi Agosti.

Mdogo wake alikuwa na wakati mgumu. Kusoma Kiswahili alikamata ndani ya miezi miwili, lakini darasa lina watoto zaidi ya 80, hakuna uji wa saa nne, na jioni dada yake anarudi na sare nyingine. Mama hana uhakika kama alifanya sawa. Kwa ushahidi uliopo hakuna anayeweza kumwambia kwa uhakika.

Baada ya fomu kubadilishwa mfuko ulipokea maombi mapya 6, manne yakiwa ya familia zisizo za Kikatoliki. Walikuwepo siku zote.

## Uchambuzi

### Mizani ya jikoni ilifanya kazi kuliko kapu

Sadaka ya Kwaresima ilileta Sh 186,000 na kumtoa mtoto shuleni siku 6. Mizani ya jikoni ilileta Sh 429,000 na hakuna mtoto aliyemcheka mwenzake kwa sababu mama yake ameuza viazi shuleni. Kwa lumbesa ya Julai, gunia la kilo 130 kwa Sh 45,000, kilo hizo 578 zingempa mama karibu Sh 200,000. Shuleni zilihesabiwa Sh 289,000. Ukitoa Sh 32,000 za kirikuu, faida yake halisi ni kama Sh 57,000. Si fedha nyingi, na anayeuza wazo hili kama dawa ya umaskini anadanganya. Kubwa lake ni kwamba malipo yalitoka mwezi ambao mali ipo, na mlipaji aliingia getini kama muuzaji.

Lina mipaka, na mipaka hiyo inahesabika. Wanafunzi 310 kwa gramu 250 za viazi ni kilo 77 au 78 kwa mlo. Kwa milo miwili ya viazi kwa wiki ni kilo 155, ndiyo maana kilo 150 kila Jumamosi zilitosha wiki bila kurundikana. Muhula wa wiki 18 unakula kama kilo 2,800. Hapo zinaingia familia nne za kilo 600, ya tano kwa kubana. Shule ikikubali kumi, itajaza ghala, viazi vitaota na kuoza, na mpishi ataanza kukataa mizigo ya watu anaowafahamu. Ghala lenyewe liwe na giza, hewa ipite, viazi vilale juu ya mbao na si sakafuni.

Nyaraka zisipuuzwe. Kila mzigo uandikiwe stakabadhi yenye uzito uliopita, uzito uliokataliwa, bei na sahihi mbili, kisha leja ya ada iguswe siku hiyohiyo. Bei iwe ile shule iliyomlipa mfanyabiashara wiki iliyopita, iandikwe ubaoni nje ya jiko. Bila hivyo mkaguzi wa jimbo atauliza, na wazazi wengine watauliza kabla yake.

### Daftari lilikuwa na jibu tangu Februari

Shule ilikuwa na taarifa zote za Alhamisi miezi mitatu kabla ya kuzisoma. Jumla ya utoro humwambia mwalimu kiasi gani, haimwambii kwa nini. Kuangalia safu za siku huchukua dakika tano kwa mtoto. Vijijini siku za gulio zinajulikana kwa kila mtu, pamoja na walimu, ambao wengi wao hununua mboga hapohapo. Siku ambazo shule imemrudisha mtoto zipewe alama yake pekee, zisiitwe utoro.

### Kusaidia kwa sauti

Mstari wa asubuhi na tangazo la Misa vinaonekana kinyume, mmoja wa ukali na mwingine wa huruma, lakini kwa binti wa miaka kumi vilikuwa kitu kimoja: watu wazima wakizungumza umaskini wa nyumbani kwao mbele ya wenzake. Paroko hakutaja jina, na hilo halikusaidia. Katika parokia ya vijijini kipimo si jina, ni kama msikilizaji anaweza kukisia. Orodha ya WhatsApp ina sura nyingine pia: tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, shule inayosambaza majina ya watoto na madeni yao inajiweka pabaya.

### Simu kwa baba

Kosa halikuwa kumtafuta baba. Kosa lilikuwa nani, lini, na kuanza na nini. Mama alikuwa amesema bado, na alikuwa na sababu: alijua mumewe akiaibishwa hunyamaza. Njia ya kaka mkubwa ilikuwepo tangu mwanzo; hakuna aliyemuuliza mama nani anasikilizwa na mumewe. Swali hilo sasa liko kwenye fomu ya ziara ya nyumbani, mstari wa nne.

### Mpango wa mtu mmoja

Bibi alikuwa jibu sahihi lisilo na akiba. Mpango wowote wa malezi unaotegemea mtu mzee mmoja uandikiwe jina la pili kabla ya kuanza.

### Kalenda ya ada

Bodi haikukubali kubadilisha awamu kwa shule nzima, kwa kuwa mishahara ya walimu hulipwa kila mwezi na nusu ya wazazi ni watumishi na wafanyabiashara wanaomudu Januari. Ilikubali kuwa na kalenda ya pili kwa mkulima anayeiomba kwa maandishi kabla ya Novemba 30: robo ya ada Machi, nusu kati ya Julai na Agosti, robo Septemba. Mama alikuwa wa kwanza kujaza. Aliomba awamu yake ya Machi iwe tarehe 20, kwa kuwa safari hii amepanda viazi wiki moja nyuma. Mhasibu aliiandika tarehe hiyo kwenye leja, kwa penseli, na pembeni yake ahadi.